Nilitoka kununua chumvi

Jumamosi nilitoka nyumbani kufuata chumvi. Chumvi tu jamani, pakiti moja, ata mfuko sikubeba mana pakiti ya chumvi unaishika mkononi unarudi nayo. Nikarudi na mifuko miwili imenikata vidole. Ndani kuna sabuni ya kufulia kwasababu ilikuwa ofa, mswaki (nyumbani ninayo miwili haijafunguliwa na mdomo ni mmoja), vibanio vya nguo 24, sponji, karatasi za kufungia zawadi, biskuti ambazo nusu nilizimaliza njiani, vikorokoro vingine vya kula ntavisema baadae, na taa ndogo ya kuchomeka ukutani yenye umbo la bata. Bata! Sina mtoto mdogo, giza siliogopi, ila niliiona pale karibu na keshia inaning'inia imewaka kamwanga ka njano nikasema ah, mbona nzuri hii.

Chumvi nayo ilikuwepo, msinicheke. Niliikumbuka nikiwa tayari kwenye foleni, nikamuomba kaka wa nyuma yangu anishikie nafasi nikarudi mbio kuifuata.

Zamani nilikuwa najilaumu sana kwa haya mambo, naona ni udhaifu wangu tu, hela haikai. Alafu nikaja kusoma habari ya hawa watu walioanzisha maduka ya kujihudumia nikapunguza kidogo kujilaumu. Kuna bwana anaitwa Clarence Saunders, alifungua duka lake la Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, mwaka 1916. Kabla ya hapo mtindo wa kawaida ulikuwa unasimama kaunta, unataja unachotaka, muuzaji anageuka anakuletea, unalipa unaenda zako. Yeye ndio akasema hapana, pita mwenyewe ndani, shika, geuza, chagua, utalipia mlangoni. Sasa piga picha mimi niko kaunta, nyuma yangu kuna watu sita wamenuna, nitamke kwa sauti "na ile taa ya bata pia naomba". Nisingeweza. Ningetaja chumvi, ningepewa chumvi, ningekuwa na hela yangu mpaka leo.

Alafu akaja Sylvan Goldman na toroli lake mwaka 1937, uko uko Marekani, Oklahoma. Huyu yeye alikuwa na supamaketi na aligundua kitu kimoja, kwamba mteja anaacha kununua pale kikapu kinapoanza kumuelemea mkono. Sio hela imeisha, ni mkono umechoka! Akachukua wazo kutoka kwenye kiti cha kukunja, akaweka vikapu viwili na magurudumu. Watu wakayakataa matoroli yake, wanawake wanasema tumesukuma vigari vya watoto inatosha, wanaume wanaona watadharaulika kwamba hawawezi kubeba kikapu. Bwana Goldman akaajiri watu wazunguke dukani wakisukuma matoroli wajifanye wateja, wengine wakaona kumbe ni kawaida, wakachukua nao. Mimi nikisoma vitu kama hivi nachoka kabisa, yani tangu 1937 tunachezewa na tunasukuma wenyewe. Nikaamua sichukui toroli tena, nachukua kikapu tu cha mkononi, na wenyewe si wajinga, siku hizi kikapu nacho wamekiwekea magurudumu na mpini wa kuvuta.

Ila hayo sio niliyotaka kuandika. Nilitaka kuandika habari ya zile karatasi za zawadi.

Jumapili ilikuwa bethdei ya rafiki yangu, wa siku nyingi, tumepitia mengi ambayo sitayaandika hapa. Mimi nikawa nimenunua karatasi ya kufungia kabla sijajua nafunga nini, nzuri kweli ya bluu ina vinyota, na nikasimama katikati ya duka na ile karatasi kama mtu aliyenunua funguo anatafuta nyumba. Nampa nini mtu mzima mwenye kila kitu? Na simaanishi tajiri, namaanisha mtu mzima wa kawaida, ana vikombe, ana mashuka, ana saa, ana simu inayomwambia saa. Nikapita kwenye shelfu la vitu vya zawadi, fremu za picha, visanamu vya tembo, vikombe vimeandikwa maneno matamu, mishumaa inanukia maua ambayo sijawahi kuyaona. Nikashika fremu nikaigeuza, nikaitazama ile picha ya familia ya kwenye karatasi wanayoiwekaga mle ndani, wanacheka wale watu kila mwaka, nikairudisha.

Mana mimi kwangu nina kabati. Kabati la juu kabisa, unapanda kiti kulifikia, nimeweka zawadi zote nilizopewa kwa upendo ambazo siwezi kuzitumia na siwezi kuzitupa. Kuna fremu tatu ndani yake bado wanacheka wale watu. Kuna saa ya ukutani kubwa kuliko ukuta. Kuna mashine ya bisi, hiyo nimeitumia mara mbili, na ile mara ya pili ni kumuonyesha aliyenipa, alipokuja kunitembelea, kwamba inafanya kazi. Nilipanda kiti, nikaishusha, nikaifuta vumbi mbio mbio kengele inalia mlangoni, nikaiweka mezani kama vile inakaaga pale. Alivyoondoka ikarudi juu. Sasa hii ndio zawadi? Huu ni mzigo nimekabidhiwa na kila nikihama nyumba nauhamisha.

Wataalamu wa uchumi nao wameliona, tena mmoja alilipigia hesabu kabisa. Joel Waldfogel mwaka 1993 alichapisha utafiti aliofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, akawauliza zawadi mlizopewa Krismasi mnadhani ziligharimu kiasi gani, na nyinyi mngekuwa tayari kutoa kiasi gani kuzipata, toa pembeni mambo ya mapenzi na kumbukumbu. Akakuta thamani inayofika kwa mpokeaji ni pungufu kwa asilimia 10 mpaka theluthi moja ya hela iliyotumika. Hela imetoka mfukoni kwa mtoaji, haijafika kwa mpokeaji, imepotea hewani! Na alikuta zawadi za marafiki ndio zinapoteza kidogo sana, wakati za kina babu na bibi na shangazi na wajomba ndio zinapoteza zaidi, na hapo nilicheka peke yangu kama chizi mana ile saa ya ukutani ni ya shangazi. Shangazi kama unasoma, shikamoo, saa ni nzuri, ukuta ndio mdogo.

Wengine wakisoma hivyo wanasema basi tupeane hela tukamalizana. Mimi sipo huko. Sikatai hela, nani anakataa hela, ila mimi nikikupa noti na wewe kwenye bethdei yangu ukanirudishia noti ile ile tumefanya nini hapo? Tumebadilishana chenji. Na wale wanaosema "chochote tu utakachonipa" ndio wabaya kuliko wote, chochote hakiuzwi popote, nimekitafuta.

Msimamo wangu, na nimeufikia nikiwa nimesimama kati ya visanamu vya tembo: mpe mtu mzima kitu cha kula. Chakula. Kinaliwa kinaisha, kabati linabaki lake. Hahitaji kukionyesha ukija kumtembelea, hahitaji kukifuta vumbi, kama hakukipenda atampa jirani na wewe hutajua mpaka unakufa. Na kama alikipenda atakukumbuka kwa ulimi, na kumbukumbu ya ulimi haifutiki kirahisi. Mimi mwaka juzi jirani yangu alikuwa anajifunza kuoka mikate kwa kuangalia video, siku moja jioni kagonga mlango kanipa mkate umefungwa kwenye kitambaa cha jikoni cha mistari myekundu. Bado wa moto, ule moto unaupata kwenye kifua ukiubeba. Umepinda upande mmoja kama umelalia ubavu, chini umeungua kidogo mpaka mweusi, juu ukiubonyeza unavunjika kwa sauti. Niliula nimesimama, sikufika ata mezani, nakata na mkono, siagi naipaka kwa kijiko mana kisu kilikuwa mbali, nilikuja kushtuka nusu imeondoka. Sikumbuki bethdei yangu mwaka ule nilipewa nini. Ule mkate naukumbuka mpaka makombo.

Basi nikavuta kikapu changu cha magurudumu mpaka kwenye chokoleti, nikijua kazi imeisha. Na hapo ndio nikakutana na taarifa ya habari.

Nilishika chokoleti ambayo naijua tangu niko mdogo, mkono ukakataa. Sijui nawaelezaje, mkono wangu unajua uzito wa ile chokoleti kuliko mimi. Nikageuza nyuma nikasoma gramu, kumbe imekonda, pakiti ni ile ile, rangi ile ile, upana ule ule, ndani wamebana. Bei nayo haijabaki pale pale ungesema basi ni afadhali, imepanda. Imekonda na imepanda! Nikaanza kugeuza geuza vitu vingine, biskuti imekonda, sabuni ya kuogea ina shimo tumboni kama imetoka kuumwa, karatasi ya chooni ile bomba ya katikati imenenepa. Keshia alikuwa ananiangalia kwa mbali nadhani kafikiri mimi ni mkaguzi.

Hii michezo sio ya leo. Mwaka 2016 Uingereza watu walipiga kelele kwelikweli pale Toblerone, ile chokoleti ya pembetatu pembetatu, walipotanua yale mabonde ya katikati, baa ya gramu 170 ikawa 150, ya 400 ikawa 360, ukiitazama kama meno ya mzee yameng'oka mengine. 2018 wakarudisha umbo la zamani. Ufaransa wao wameamua kwa sheria, tangu tarehe 1 Julai 2024 supamaketi kubwa zinatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo bila bei kupungua, wateja wajue. Mimi naunga mkono mia kwa mia, tena lingeandikwa kwa herufi kubwa, HII IMEKONDA. Kupandisha bei mimi siwezi kukasirika sana, maisha yamepanda kwa kila mtu, niambie tu bei imepanda nijue nakula au nashinda njaa. Kunikonda kimya kimya ndio sipendi, hapo unakuwa umeniona mjinga.

Na kwenye chokoleti kisa kipo kweli, sio tamaa peke yake. Kakao zaidi ya nusu ya dunia nzima inatoka nchi mbili tu, Ivory Coast na Ghana. Hali ya hewa ikaharibika kule, mvua nyingi alafu ukame, na ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi ya mkakao mpaka mti unakufa. Miaka mingi tani ya kakao ilikuwa inacheza kwenye dola 2,000 na 3,000, Desemba 2024 ikapita 12,000. Mwaka 2025 ikashuka sana, ila taarifa za kushuka zinasafiri kwa miguu, za kupanda zinapanda ndege, si mnajua. Pale dukani hawajaambiwa.

Mimi ni mtu ambaye habari za biashara zikianza kwenye tivii nilikuwa naenda kuchemsha maji ya chai. Mishale ya kijani, mishale myekundu, mtu kavaa suti anasema soko limetetereka, inanihusu nini. Nilianza kuamka Machi 2021 ile meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez, mita 400 imelala kingama, siku sita hakuna anayepita, na mitandaoni sisi tunacheka kale ka ekskaveta kadogo kanachimba pembeni ya yule mnyama. Nilicheka sana mimi. Alafu mwaka uliofuata nikaacha kucheka, Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na Ukraine ndio ilikuwa inaongoza duniani kuuza nje mafuta ya alizeti, watu wote wakakimbilia mawese, Indonesia nayo mwezi wa nne mwishoni ikazuia mawese yake yasitoke nje kwa karibu wiki nne. Mimi niko jikoni kwangu na kikaango, sijagombana na mtu yeyote, chupa ya mafuta imegeuka manukato. Tangu hapo kila nikisikia taarifa ya habari nauliza kwanza, hii itatua kwenye kitu gani changu? Sufuria? Sabuni? Naangalia habari kama mtu anayesoma risiti kabla hajaletewa.

Sasa kuna watakaonijibu kwamba chakula kama zawadi hakina heshima, kinaishia tumboni, mtu hana cha kushika akasema hiki alinipa fulani. Nimewasikia. Lakini ukitaka kukumbukwa kwa kushikwa, andika kadi. Kadi haili nafasi, inakaa kwenye kitabu. Na kuna ambao pingamizi lao lina uzito, mtu ana kisukari unampelekea keki ya sukari hiyo ni zawadi au ni ugomvi, mwingine karanga zinamvimbisha mdomo anakimbizwa hospitali, kwahiyo muulize, au umjue. Alafu usimpelekee chakula cha kijiji kizima anaishi mwenyewe na friji lake dogo. Umoja wa Mataifa kupitia UNEP, shirika lao la mazingira, walitoa ripoti 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na kama asilimia 60 ya hiyo ilitoka majumbani. Majumbani, sio mahotelini kwenye mabufee kama nilivyokuwa nawasingizia. Nilivyosoma nilienda kufungua friji langu nikalitazama, nikalifunga taratibu. Kuna kibakuli mle kina mfuniko tunaogopana.

Kidogo basi, kizuri, kinachokaa. Ndio ule utaratibu wangu sasa. Kisiwe kile anachonunua kila siku, kiwe hatua moja juu ya anachojinunulia mwenyewe. Anakunywa chai ya kawaida? Mpe ile ambayo akiiona dukani anaishika anairudisha. Mtu anaionea huruma hela yake kwenye vitu vidogo vidogo vya kula kuliko unavyofikiri, ananunua simu kubwa bila kupepesa macho alafu anasimama mbele ya chupa ya asali dakika tano anasema siku nyingine. Wewe ndio uwe hiyo siku nyingine.

Nikachukua asali chupa ndogo, majani ya chai ya kwenye kopo la bati, korosho, na ile chokoleti iliyokonda nikaichukua pia, nimeshaisema vya kutosha lakini kosa sio lake. Keshia kijana mpole, "dada una kadi ya pointi?" sina, "dada unaongeza mfuko?" naongeza, na wakati natafuta hela kwenye pochi macho yakaenda kulia yakakutana na bata. Mengine mnayajua.

Jioni nikakaa chini sebuleni kufunga. Ile karatasi ya bluu ya vinyota haikutosha kufunga vitu vinne vya maumbo manne, chupa ya asali peke yake ilinitoa jasho, nikaamua viende vyote kwenye mfuko mmoja wa karatasi nimejaza chini magazeti yaliyokunjwa, juu nikafunika na vinyota, nikaandika kadi, nikafunga utepe, ukakaa vizuri ata mimi nikajisifu. Nikaenda jikoni kupika. Nafika kwenye kutia chumvi, chumvi hakuna. Nimepekua mifuko yote miwili, nimetoa vibanio vyote 24, nimetazama chini ya meza, hakuna. Nikajua tu nimeiacha kwa keshia, na yule kijana mpole nilimsema peke yangu pale jikoni maneno ambayo hakustahili. Nikala mboga chapwa mbele ya taa ya bata.

Jumapili nikapeleka mfuko, nikapokelewa, tukacheka, nikarudi zangu. Saa tatu usiku inaingia meseji ya sauti, nimeisikiliza mara tatu: asante sana mwaya, asali nimeshaionja kwa kidole, chai tutakunywa wote ukija, ila hiyo pakiti ya chumvi uliyoifukia chini ya magazeti ndio umenimaliza, nilikuwa nimeishiwa tangu juzi sijamwambia mtu, umejuaje?

Nikamjibu mimi nakujua vizuri.